Kurudi kwa Mtu Yule Yule: Hotuba kuhusu Picha Zinazofuata Maisha

Ndugu zangu, wazee wetu, wapiga picha wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza kazi hii: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nianze na msichana wa Kiholanzi aitwaye Ria van Dijk. Mwaka 1936, akiwa na miaka 16, alikwenda kwenye tamasha la kila mwaka la mji wa Tilburg, lile la bembea na vibanda vya michezo, akasimama kwenye kibanda cha kulenga shabaha. Kibanda kilikuwa na mtambo wa aina yake: risasi ikigonga katikati ya shabaha, kamera inajifyatua, na aliyelenga anapewa picha yake iwe ndiyo zawadi. Ria akalenga, akapata. Baadaye akarudi. Akaendelea kurudi mwaka hata mwaka, isipokuwa kuanzia 1939 hadi 1945, wakati wa vita, mpaka akawa bibi mwenye mvi, jicho moja limefumbwa, bunduki begani, mtutu umeelekezwa kwetu sisi tunaotazama.

Picha hizo zikipangwa kwa kufuatana zinafanya kazi ambayo hakuna hata moja kati yake ingeiweza peke yake. Ria yuko katikati, mkao ule ule, shabaha ile ile. Pembeni yake ndiko dunia inakopita: makoti yanabadilika, mitindo ya nywele inabadilika, miwani inaingia usoni, rangi inaingia kwenye picha. Wanaosimama nyuma yake kumtazama wanabadilika pia. Mtu anaonekana miaka kadhaa, kisha haonekani tena. Hayo hayakupangwa na mpiga picha yeyote. Hapakuwa na mpiga picha kabisa, palikuwa na mtambo. Kumbukumbu hiyo ya maisha ya mtu imezaliwa na jambo moja, kwamba mwenyewe alirudi.

Ndilo nililokuja kulisema. Tunatumia muda mwingi mno kuzungumzia kamera, lenzi, na sasa simu ipi ina picha kali kuliko nyingine. Anayetaka kuyaandika maisha ya mtu kwa picha anahitaji zaidi tabia ya kurudi kwa mtu yule yule: akiwa mzima na akiwa mgonjwa, siku ya sherehe na siku ambayo hakuna lolote. Mengine yote yanafuata.

Mwaka huo huo wa 1936, ng'ambo ya bahari, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja katika kambi ya wachumaji wa njegere huko Nipomo, California. Ninyi nyote mmewahi kuiona: mama mwenye mkono kidevuni, watoto wawili wamemwegemea na kuficha nyuso. Lange alipiga picha chache, akaondoka. Hakuandika jina la yule mama. Picha ikazunguka dunia nzima ikiwa sura ya umaskini wa miaka ile, na mwenye sura akabaki bila jina mbele ya watu mpaka mwaka 1978, alipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson. Picha ilipopigwa alikuwa na miaka 32. Alifariki mwaka 1983. Katikati hapo palikuwa na maisha: watoto waliokua, kazi, nyumba, uzee. Dunia haikuyajua, ilijua zile dakika chache tu. Naye alisikitika kwamba picha ile haikumletea hata senti moja.

Au mkumbukeni Sharbat Gula, yule msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan. Mwaka 1985 uso wake ukawa kwenye jalada la jarida la National Geographic. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002 alikuwa mtu mzima, ameolewa, ana watoto, na ile picha hakuwa ameiona. Kwa miaka 17 mamilioni ya watu walikuwa wanautambua uso wake, na yeye hana habari.

Sisemi picha hizo ni mbaya. Ni kati ya picha zenye nguvu kuliko zote nilizowahi kuzitazama. Nasema picha moja, hata ikiwa nzuri namna gani, humfunga mtu kwenye siku moja. Ikipendwa sana, kifungo kinazidi kukaza. Mtu anakuwa huzuni yake, au uzuri wake, au ujana wake, na basi. Anayerudi mwakani anamfungulia. Anamkuta amecheka. Anamkuta amenenepa. Anamkuta amechoka na hataki kupigwa picha, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Sasa nataka tumtazame Nicholas Nixon wa Marekani kwa utulivu kidogo, kwa sababu kazi yake inafundisha zaidi ya vitabu vingi. Mwaka 1975 alimpiga picha mkewe, Bebe, pamoja na dada zake watatu. Mdogo alikuwa na miaka 15, mkubwa 25. Mwaka uliofuata akawapiga tena, na hapo wakakubaliana: kila mwaka picha moja, na kila mwaka wasimame kwa mpangilio ule ule. Ukianza kushoto ni Heather, kisha Mimi, kisha Bebe, kisha Laurie. Kamera yake ni ile kubwa ya zamani inayokaa juu ya miguu mitatu, yenye filamu moja moja ya inchi 8 kwa 10, nyeusi na nyeupe. Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 40.

Oneni jinsi sheria zilivyo chache. Watu wale wale, mpangilio ule ule, mara moja kwa mwaka. Nguo wavae wanavyotaka. Mahali ni popote watakapokuwa. Mwanga ni ule uliopo. Chini ya picha pameandikwa mahali na mwaka tu. Hatuambiwi nani kaolewa, nani kaugua, nani kagombana na nani. Lakini tukiwa na picha zote mbele yetu tunaanza kusoma mikono. Mwaka huu imefungwa kifuani, mwaka mwingine imeshika kiuno cha dada, mwaka mwingine vichwa vimegusana kana kwamba kuna baridi. Ngozi inalegea, nywele zinabadilika, na wale dada wanne wanazidi kusogeleana. Nimeshuhudia watu wakitazama mfululizo ule kimya, wakafika mwisho, wakarudi mwanzo kutafuta ni mwaka gani hasa uzee uliingia. Haupatikani. Hakuna mwaka unaoweza kuuwekea kidole.

Hilo wengi wa wanaoanza hawalitegemei. Wanadhani mfululizo wa picha utaonyesha matukio. Matukio huonyeshwa vizuri na picha ya siku moja, kama harusi, mahafali au mazishi. Mfululizo unaonyesha yale yanayokuja polepole kiasi kwamba hata mwenyewe hayaoni.

Nina mfano wa karibu. Kuna mama mmoja, mtu wa makamo tulipoanza, ambaye nimekuwa nikimpiga picha mwaka baada ya mwaka, ameketi karibu na dirisha, mikono imelala mapajani. Kila mara nilikuwa natazama uso: mwanga umekaaje shavuni, macho yako wapi. Siku tulipozipanga picha mezani pamoja, mimi na yeye, jicho langu likaangukia kwenye saa yake ya mkononi. Katika picha za mwanzo mkanda umekaza, umeacha mfinyo kwenye ngozi. Baadaye umelegea, na uso wa saa umejigeuza upande wa chini. Halafu kwenye mkanda kuna tundu jipya. Si la kiwandani, limekaa upande kidogo, kama lililotobolewa kwa msumari. Picha inayofuata, tundu la pili.

Nikamwonyesha. Aliliwekea kidole lile tundu la kwanza, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia alilitoboa lini, kwa nini, na nani alimshikia mkanda wakati akigonga. Sura yake mwenyewe ilikuwa pale pale mbele yake, kubwa, yenye mwanga mzuri niliouhangaikia, na hakuisemea neno. Maneno yake yote yalitoka kwenye tundu la msumari. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: usikaribie uso mno mpaka ukaikata mikono. Acha meza ionekane. Acha viatu vionekane. Hamjui kesho ni kitu gani kitakachozungumza, kwa hiyo kipeni kila kitu nafasi ya kuwemo.

Na kitakapozungumza, andikeni. Hilo nitalirudia baadaye.

Niwaambie habari za Milton Rogovin, mtu ninayemheshimu kuliko wengi katika kazi hii. Hakuwa mpiga picha kwa taaluma. Alikuwa mpimaji macho katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Mwaka 1957 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwaandama walioshukiwa kuwa wakomunisti, na biashara yake ikadorora. Akageukia kamera. Mwaka 1972 alianza kuwapiga picha wakazi wa Lower West Side, mtaa wa watu wa kipato kidogo usio mbali na ofisi yake. Alikwenda na mkewe, Anne. Hakuwaambia watu watabasamu wala wakae vipi. Waliamua wenyewe wasimame wapi na namna gani. Kisha, na hili ndilo ninalotaka mlishike, aliwapelekea picha zao.

Katikati ya miaka ya 1980 akarudi mtaani kuwatafuta wale wale. Mwaka 1992 akarudi tena. Mwaka 2000, akiwa na miaka 90, akarudi kwa mara ya nne. Alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka 101. Leo kazi yake inaonekana katika picha tatu tatu, nne nne: kijana, kisha baba, kisha babu, mahali pale pale. Hakuna maandishi ya mchambuzi wa masuala ya jamii yanayoweza kukwambia kuhusu mtaa ule yale yanayosemwa na zile picha nne zikikaa bega kwa bega.

Jiulizeni, kwa nini watu walimfungulia mlango mara ya pili? Mtaa ambao watu wake wamezoea kuonwa na kusahauliwa hauwafungulii wageni ovyo. Walimfungulia kwa sababu mara ya kwanza alichukua, kisha akarudisha. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani. Sisi wapiga picha tunapenda kulalamika kwamba watu hawatuamini. Basi wapelekeeni picha zao. Zilizosafishwa, kwenye karatasi, si ahadi ya kutuma. Wengi wetu tunamdai mtu maisha yake yote na hata nakala moja hatumpi.

Hapa naingia kwenye jambo gumu, nanyi wazazi mnisikilize pia. Kumfuata mtu kwa kamera kwa miaka ni kuingia maishani mwake. Hakuna namna ya kuwa pembeni. Darcy Padilla alikutana na mama kijana aitwaye Julie, mwenye mtoto mchanga mikononi, katika hoteli ya watu maskini mjini San Francisco mwaka 1993. Akampiga picha, akarudi, akaendelea kurudi: kupitia umaskini, dawa za kulevya, ugonjwa, watoto waliochukuliwa, mpaka Julie alipofariki kwa UKIMWI mwaka 2010. Mary Ellen Mark alimkuta msichana wa miaka 13 mitaani Seattle mwaka 1983, aliyejulikana kwa jina la Tiny, akaendelea naye zaidi ya miaka 30. Huko aliyeondoka kwanza alikuwa mpiga picha. Mark alifariki mwaka 2015.

Mimi nazitazama kazi hizo kwa heshima na kwa wasiwasi, vyote pamoja. Kwa heshima, kwa sababu hawakukimbia. Kwa wasiwasi, kwa sababu msichana wa miaka 13 hawezi kujua anakubali nini anapokubali. Ruhusa aliyoitoa akiwa mtoto inabidi iombwe upya akiwa kijana, na iombwe tena akiwa mtu mzima, na kila mara awe na haki ya kusema hapana, basi, hii ondoa. Ruhusa si cheti cha mara moja cha kutia mfukoni.

Na wazazi, hayo yanawahusu ninyi kuliko hata wapiga picha wa magazeti. Mtoto wa leo anazaliwa na kabla hajafumbua macho vizuri picha yake iko mtandaoni. Akiwa na miaka 15 atakuta utoto wake wote umewekwa hadharani, akiwa anaoga, akiwa analia, akiwa hospitali, na watu asiowajua wameutazama. Mpigeni picha mtoto wenu, tena mpigeni sana, ni haki yake kuwa na kumbukumbu. Lakini kumpiga na kumtangaza ni mambo mawili. Ziwekeni. Akikua mkabidhini, aamue mwenyewe zipi zitoke. Mtoto wa miaka sita au saba tayari anaweza kuulizwa, na akisema hapana, iheshimiwe, hata kama picha ilikuwa nzuri kupindukia. Huo ni msimamo wangu na sioni sababu ya kuulegeza.

Kuna njia nyingine, ya kushirikiana kamera. LaToya Ruby Frazier alikulia Braddock, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma ulioachwa kazi zilipoondoka. Kwa zaidi ya muongo mmoja alipiga picha vizazi vitatu: bibi yake Ruby, mama yake, na yeye mwenyewe. Mama hakuwa mtu wa kukaa tu apigwe. Alishika kamera naye, akampiga binti yake, akashauri, wakaingia pamoja kwenye kioo. Ukizitazama picha hizo huoni mtu anayechunguzwa. Unaona watu wawili wanaotazamana, na kamera iko kati yao. Bibi alifariki mwaka 2009, na nyumba inaonekana ikipungua pamoja naye.

Na kuna wanaojipiga wenyewe, au wanaoamua wenyewe waonekane vipi. Msidhani ni jambo lililoletwa na simu. Frederick Douglass alizaliwa utumwani Maryland, na tarehe yake ya kuzaliwa hakuijua kamwe. Alitoroka mwaka 1838. Mwaka uliofuata, 1839, uvumbuzi wa Daguerre, njia yake ya kupiga picha, ukatangazwa Paris, na kwa hiyo umri wa picha na umri wa uhuru wake ulikaribia kuwa mmoja. Kuanzia miaka ya 1840 mpaka kifo chake mwaka 1895 alikaa mbele ya kamera mara kwa mara. Watafiti wamekusanya picha zake takriban 160 zilizo tofauti. Hakuna Mmarekani wa karne ya 19 anayejulikana kuwa na nyingi kuliko yeye. Alitoa hata hotuba juu ya picha wakati nchi yake ikiwa vitani. Alikuwa na sababu. Wachoraji wa wakati ule walimchora mtu mweusi kwa kumdhalilisha, wakampa tabasamu la mtumwa mwenye furaha. Douglass akaketi, akavaa koti lake, akakaza uso, akatazama. Tangu nywele zikiwa nyeusi tii mpaka zikawa nyeupe kabisa, uso ule haukumwomba mtu radhi. Mtu aliyenyimwa hata siku yake ya kuzaliwa amejiandikia maisha yake kwa mwanga, mwaka hadi mwaka, na hakuna anayeweza kuyafuta.

Samuel Fosso naye alifungua studio yake ya picha Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa mvulana wa miaka 13. Filamu ikibakiza nafasi baada ya wateja kuondoka, alijipiga mwenyewe, na picha nyingine akampelekea bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu yu hai na hajambo. Kazi zake za baadaye zimeingia kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Chanzo chake kilikuwa salamu kwa bibi.

Jamie Livingston wa New York nitamsemea kidogo zaidi. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid. Moja tu. Si kumi achague moja. Ikitoka mbaya, hiyo ndiyo ya siku ile. Alifanya hivyo mpaka tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki kwa saratani, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 41. Zimebaki picha zaidi ya 6,000. Marafiki wakicheka, sahani mezani, kiti kitupu, mtu asiyejulikana barabarani, chumba chake, mchezo kwenye runinga. Siku nyingi hakuna la maana. Kisha mwaka 1997 zinaingia picha za hospitali, kovu kichwani, halafu pete, halafu ndoa, wiki chache tu kabla ya mwisho. Mtu anayezipitia kutoka mwanzo anafika kwenye ile pete akiwa amekwisha kumzoea mtu huyu kwa siku zake elfu za kawaida, na ndiyo maana ile pete inauma. Rafiki yake Hugh Crawford na wenzake ndio waliozihifadhi na kuzionyesha. Bila wao zingekuwa masanduku.

Siku za kawaida, ndugu zangu. Albamu zetu zimejaa sherehe. Mtu amekaa kwenye kiti cha mapambo, amevaa nguo ya kuazima, mwanga wa flashi umempiga usoni. Hatumwoni akifanya kazi aliyoifanya miaka 30. Hatuoni alivyoshika kalamu, alivyokunja miguu akisoma, mlango aliotokea kila asubuhi. Ugonjwa ndio kabisa, tunauficha. Mimi nakubali kwamba kuna maumivu yasiyostahili kupigwa picha, na mwenye maumivu ndiye wa kuamua. Lakini muulizeni. Wengine wanataka ionekane kwamba walipita huko wakavuka, au kwamba walikuwa na mtu pembeni.

Na yupo mmoja ambaye hayumo kwenye albamu ya familia yoyote: yule anayeshika kamera. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akisema "sogeeni, sogeeni kidogo." Siku akiondoka, watu wanatafuta picha yake ya kuweka kwenye tangazo la msiba, wanakuta ya kitambulisho. Asiyekuwepo na lake halipo. Kama ni wewe, mpe mwingine kamera, hata mtoto. Picha itakuwa imekaa upande. Ipokee hivyo hivyo.

Sasa kuhusu kuhifadhi nitakwenda haraka, maana ni mambo ya vitendo, ila ni hapa ambapo kazi ya miaka hupotea kwa siku moja. Picha iliyo kwenye simu tu ni picha ambayo bado haijahifadhiwa. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba yako, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukituma picha kwa WhatsApp inabanwa, na tarehe ya kupigwa iliyomo ndani ya faili kwa kawaida haifiki. Kwa hiyo usiihesabu ile uliyotumiwa kuwa ndiyo picha yenyewe. Omba faili halisi. Na safisha chache kwenye karatasi kila mwaka. Karatasi haina nywila ya kusahauliwa.

Picha za zamani ziondoeni kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Gundi inageuka manjano, inakula picha kwa nyuma, na siku ukitaka kuibandua inachanika. Kama imeshika sana usivute. Ipige picha ikiwa pale pale kwanza. Za rangi zikae mbali na jua, zote zikae mbali na unyevu. Nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri itawazika wajukuu zenu. Za rangi za miaka ya 1970 tayari zimeanza kuwa nyekundu, msizicheleweshe.

Lakini hatari kubwa kuliko unyevu ni kutojua aliyemo. Nimeshika picha nyingi mno zilizoandikwa nyuma neno moja: "Shangazi." Shangazi wa nani? Aliyeandika alijua, na nyumba nzima ilijua, kwa hiyo hakuona haja. Leo hakuna anayejua. Andikeni jina kamili. Andikeni mwaka, na kama hamna hakika andikeni "karibu na mwaka fulani." Andikeni mahali, na jina la aliyepiga. Tumieni penseli laini, picha ikiwa imelala kifudifudi kwenye meza ngumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inaacha mkwaruzo unaotokeza mbele, na wino wake unaweza kuhamia kwenye picha inayolaliwa. Na kama kuna mzee anazungumza wakati mnaandika, washeni kinasa sauti cha simu muiache izunguke. Ile hadithi ya tundu la msumari haikuwa ndani ya picha. Ilikuwa ndani ya mwenye saa.

Wanaoniuliza waanzeje, nawaambia: chagua mtu mmoja, chagua siku moja. Diego Goldberg, mpiga picha wa Argentina, yeye na familia yake wamejipiga picha za uso kila tarehe 17 Juni tangu mwaka 1976, na hiyo tu, kila mmoja na picha yake, imetosha kuonyesha watoto wakizaliwa, wakawa vijana, wakaja na wake zao na watoto wao. Sheria iwe rahisi kiasi kwamba utaifuata hata mwaka mbaya. Ukikosa mwaka, acha pengo lionekane, kama pengo la vita katika picha za Ria. Usilizibe kwa picha ya siku nyingine.

Nami nisiwacheleweshe. Meza ziko kule nyuma, penseli zipo na bahasha za karatasi zipo. Mliokuja na wazazi wenu, kaeni nao pamoja; wao waseme, ninyi mwandike. Anzeni na zile picha ambazo anayejua majina amebaki mmoja.